Jinsi ya Kupata Alama za Kijenetiki za Kutofautisha Dume na Jike kwa Sato wa Kufugwa: Mwongozo Kamili

Kila mfugaji wa sato anaijua hasara ya bwawa lililochanganya madume na majike. Majike huanza kutaga wakiwa bado wadogo, huatamia mayai mdomoni bila kula inavyotakiwa, na baada ya miezi michache bwawa hujaa vifaranga wanaogombea chakula na samaki waliokusudiwa kwenda sokoni. Kwa kuwa madume hukua haraka zaidi, vituo vingi vya kutotolesha huuza vifaranga wa jinsia moja, na kwa kawaida huwapata kwa kuwalisha chakula chenye homoni ya methiltestosteroni, miligramu 60 kwa kila kilo ya chakula, kwa siku 21 hadi 28 tangu wanapoanza kula. Ipo pia njia ya kupanga wazazi wenyewe ili wazae madume watupu bila kifaranga yeyote kulishwa homoni. Njia hiyo inadai jambo ambalo macho peke yake hayawezi kulitoa: kujua kromosomu za jinsia za kila samaki mzazi, hata kama mwili wake umegeuzwa na homoni au joto la maji. Alama ya kijenetiki, yaani kipande cha DNA kinachofuatana na jinsia, ndiyo inayotoa jibu hilo kutoka kwenye kipande kidogo cha pezi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mafundi wa vituo vya utafiti, wanafunzi wa shahada za uzamili, na wenye vituo vya kutotolesha wanaofikiria kushirikiana na maabara. Nimemchagua sato, yaani tilapia wa Nile, ambaye kitaalamu huitwa Oreochromis niloticus, kwa sababu ndiye anayefugwa zaidi katika mabwawa na vizimba vya Afrika Mashariki, na kwa sababu historia ya utafiti wake inafundisha tahadhari nyingi. Nashikilia kwamba kazi kubwa haiko kwenye mashine ya kusoma DNA. Kazi kubwa iko kwenye hapa, yaani vizimba vidogo vya wavu, na matangi, kwenye daftari la kumbukumbu, na kwenye kuijaribu alama kwa samaki ambao hawakuhusika kabisa katika kuitafuta.

Fahamu kwanza kinachoamua jinsia

Sato ana jozi 22 za kromosomu. Kwa mpangilio wa kawaida, jike ni XX na dume ni XY, lakini X na Y zake hazitofautiani kwa umbo chini ya hadubini kama zile za binadamu, na sehemu kubwa ya kromosomu hizo mbili bado inafanana. Kwa hiyo unachotafuta ni eneo dogo, pengine jeni moja tu, ndani ya jenomu, yaani DNA yote ya samaki, yenye takribani herufi bilioni moja.

Mwaka 2013 watafiti waliotumia ukoo wa sato unaotunzwa katika Chuo Kikuu cha Stirling, Scotland, ambao asili yake ni Ziwa Manzala nchini Misri, walibainisha eneo dogo la kuamua jinsia kwenye kromosomu iitwayo LG1. Miaka miwili baadaye, mwaka 2015, watafiti waliofanya kazi na ukoo mwingine walionyesha kwamba jeni inayoamua udume iko kwenye LG23, nayo ni nakala ya jeni ya amh (ya homoni ya anti-Müllerian) iliyoko kwenye Y, wakaiita amhy. Matokeo yote mawili ni ya kweli. Koo mbili za spishi ileile zinaweza kutumia kromosomu tofauti kuamua jinsia, na ndiyo maana alama uliyoisoma kwenye makala ya Ulaya au China huenda isifanye kazi kabisa kwa samaki wa kituo chako.

Jambo la pili ni joto. Vifaranga wanaokuzwa kwenye maji yanayokaribia nyuzi 36 za Sentigredi, kuanzia karibu siku ya kumi baada ya kurutubishwa na kwa siku kumi au zaidi, hutoa madume wengi kuliko kawaida, na baadhi ya madume hao ni XX. Jambo la tatu ni mchanganyiko wa damu. Perege wa spishi nyingine hawafuati wote mpangilio wa XY. Tilapia wa bluu, Oreochromis aureus, hutumia mpangilio wa ZW, ambamo jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti. Mwaka 1960 C. F. Hickling, akiwa Malacca, alitangaza kwamba madume wa tilapia walioletwa kutoka Zanzibar, ambao sasa huitwa Oreochromis urolepis hornorum, walipopandishwa na majike wa Oreochromis mossambicus walizaa madume watupu. Sababu ni kwamba dume wa kwanza ni ZZ na jike ni XX, na mchanganyiko wa ZX hugeuka dume. Habari hiyo inatuhusu kwa karibu, kwa kuwa sato walioingizwa katika mito na mabwawa ya Tanzania wamethibitika kuzaana na spishi za asili, ikiwemo O. urolepis. Kituo kilichokusanya samaki wazazi kutoka mtoni bila kuwatambua kwa uhakika kinaweza kuwa na mifumo miwili ya jinsia ndani ya bwawa moja.

Chagua familia na uzitunze mwenyewe

Kamwe usinunue vifaranga wa jinsia moja kwa kazi hii. Kifaranga aliyekula homoni ana mwili wa dume hata kama kromosomu zake ni XX, na kila samaki wa namna hiyo akiingia kwenye kundi la madume anafuta ushahidi unaoutafuta. Anza na samaki wazazi wasiogeuzwa, ambao historia yao unaijua, na uzalishe familia zako.

Weka jike mmoja na dume mmoja katika kila hapa. Jike akishaatamia, mkamate taratibu, toa mayai au vifaranga mdomoni mwake, na uwapeleke kwenye chombo chenye namba ya familia. Kuanzia hapo familia zisichanganywe mpaka kila samaki awe na alama yake mwenyewe. Maji yasizidi nyuzi 27 hadi 29 katika mwezi wa kwanza, na pima joto mchana, si asubuhi peke yake, kwa sababu tangi dogo lililo chini ya paa la bati hupanda joto haraka kuliko bwawa. Mzazi wa kiume na wa kike wa kila familia nao wakatwe kipande cha pezi, kwa kuwa bila DNA ya wazazi hutaweza kujua kipande fulani kimetoka kwa baba au kwa mama.

Ni familia ngapi zinahitajika? Napendekeza zisipungue tano, zenye wazazi wasio ndugu, na kila moja iwe na samaki wasiopungua 40 watakaofikia umri wa kutambuliwa jinsia. Kishawishi cha kutumia familia moja kubwa ni kikubwa kwa sababu ni rahisi kuitunza, lakini ndugu wa familia moja hurithi vipande virefu vya kromosomu bila kukatika. Utapata mamia ya alama zinazofuatana na jinsia kikamilifu ndani ya familia hiyo, na nyingi kati yake zitashindwa mara tu utakapozipeleka kwenye familia ya jirani. Familia moja huonyesha ni kromosomu ipi. Familia nyingi zisizo na undugu ndizo zinazoonyesha ni sehemu ipi ya kromosomu hiyo.

Kabla ya kwenda mbele, hesabu madume na majike wa kila familia. Familia ya XX na XY inatakiwa kukaribia nusu kwa nusu. Katika samaki 100, madume 55 kwa majike 45 ni tofauti inayoweza kutokea kwa bahati tu. Madume 60 kwa majike 40 inafikia mpaka wa kutia shaka, kwani kipimo cha mraba wa kai hutoa thamani ya 4, na bahati peke yake ingeleta tofauti ya kiasi hicho au zaidi kwa chini kidogo ya mara 5 katika 100. Familia yenye madume 75 kwa majike 25 iweke kando usiitumie kutafuta alama, lakini usiitupe: itakuja kufaa katika uthibitishaji, kwa sababu ina jambo la kueleza.

Tambua jinsia ya kila samaki bila kubahatisha

Hapa ndipo miradi mingi huharibikia, na mara nyingi hakuna anayegundua mpaka data imeshalipiwa. Kosa la kuandika dume mahali pa jike kwa samaki watatu kati ya sitini linatosha kuificha alama nzuri, kwa sababu unachotafuta ni ulinganifu kamili.

Kwa sato mwenye gramu 30 au zaidi, mgeuze tumbo juu na uangalie chuchu ya uzazi iliyo nyuma ya tundu la haja. Dume ana matundu mawili, la haja na lile la pamoja la mkojo na manii. Jike ana matatu, kwa kuwa tundu la mayai limejitenga na la mkojo, nalo huonekana kama mkato mdogo wa mlalo. Tone la methilini ya bluu likipakwa kwa pamba kisha likafutwa huufanya mkato huo uonekane vizuri. Njia hii inafaa kupanga samaki bwawani, lakini sikubali itumike peke yake katika kutafuta alama.

Uthibitisho wa kuaminika ni kufungua samaki na kuziangalia tezi za uzazi zenyewe. Toa kipande chembamba cha tezi, kiweke juu ya kioo cha hadubini, ongeza tone la rangi ya aseto-kamini, kisha ubonyeze kwa kioo cha kufunikia. Njia hii ilielezwa na Guerrero na Shelton mwaka 1974, na mpaka leo sijaona nyingine iliyo rahisi na ya uhakika kuliko hiyo kwa samaki wadogo. Ovari huonyesha mayai machanga ya duara, makubwa na yaliyo wazi, kila moja likiwa na kiini chake katikati. Korodani huonyesha punje ndogo sana zilizobanana bila duara kubwa. Ukiona vyote viwili katika samaki mmoja, andika hivyo hivyo, usimlazimishe kuingia upande wowote, na umwondoe kwenye kundi la kutafuta alama. Piga picha ya kila kioo, na namba ya samaki ionekane ndani ya picha.

Samaki wachache unaotaka waendelee kuishi kwa ajili ya kuzalisha watambuliwe kwa kukamuliwa manii au mayai wanapokomaa. Kwa kuwapumzisha kabla ya kuwashika, mafuta ya karafuu yaliyochanganywa na kiasi kidogo cha spiriti kisha na maji hufanya kazi vizuri na hupatikana kirahisi pwani yetu. Jaribu kwanza kipimo kidogo kwa samaki mmoja na uangalie mwendo wa matamvua yake.

Sampuli na DNA

Kata kipande cha pezi la mkia chenye ukubwa wa ukucha mdogo, kitumbukize kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, na hakikisha ethanoli ni nyingi kuliko nyama, angalau mara tano. Osha mkasi na kibano kwa maji, kisha kwa ethanoli, na ufute kati ya samaki mmoja na mwingine. Namba iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ngumu iliyo ndani ya kichupa pamoja na juu ya kifuniko, kwa maana wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye ethanoli. Badilisha ethanoli baada ya siku moja ikiwa imebadilika rangi.

Kwa kusoma jenomu unahitaji DNA ndefu na safi, iliyotolewa kwa chumvi au kwa vifaa vya dukani, na iliyopimwa kwa jeli, inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu wake, ili kuona kama haijakatikakatika. Kwa PCR ya kila siku, yaani kunakili kipande kimoja cha DNA mara nyingi mpaka kionekane, njia ya bei nafuu inatosha: kipande cha pezi huchemshwa katika hidroksidi ya sodiamu ya milimola 50 kwa nyuzi 95 kwa dakika 20 hivi, kisha hupozwa na kutulizwa kwa Tris yenye pH 8, kwa kiasi cha moja ya kumi ya ujazo.

Kama sampuli zitasomwa nje ya nchi, anza mapema kutafuta vibali. Nchini Tanzania utafiti hupitia tume ya sayansi ya COSTECH, Kenya hupitia tume ya NACOSTI, Uganda hupitia baraza la UNCST, na Itifaki ya Nagoya inadai makubaliano ya maandishi kuhusu rasilimali za kijenetiki na faida zake. Sato ni rasilimali ya bara letu, na makubaliano hayo yanastahili kusomwa mstari kwa mstari kabla kichupa cha kwanza hakijasafiri.

Chagua njia ya kusoma kulingana na fedha na swali

Njia tatu zinafaa. Ya kwanza ni kukata DNA kwa kimeng'enya kama SbfI na kusoma vipande vilivyo karibu na sehemu zilizokatwa tu, njia ambayo hujulikana kama RAD. Husoma sehemu ndogo ya jenomu kwa samaki wengi kwa bei nafuu, na inafaa sana pale eneo la jinsia linapokuwa kubwa. Udhaifu wake ni kwamba eneo dogo linaweza kukaa katikati ya sehemu mbili za kukatwa bila kuguswa. Ya pili ni kuchanganya DNA ya madume 30 au zaidi kwenye chupa moja na ya majike idadi hiyo hiyo kwenye chupa nyingine, kila samaki akichangia kiasi sawa kilichopimwa kwa uangalifu, kisha kusoma jenomu nzima ya kila chupa kwa wastani wa mara 30 au zaidi kwa kila herufi. Ya tatu ni kusoma jenomu nzima ya kila samaki peke yake, hata kama ni kwa wastani wa mara 10 tu.

Fedha zikiwa chache, ningechagua ya pili. Lakini ukiweza kuimudu ya tatu kwa samaki 20 wa kila jinsia, ichukue, kwa sababu chupa iliyochanganywa haikuambii ni samaki yupi aliyeharibu ulinganifu, na samaki huyo mara nyingi ndiye anayefundisha zaidi.

Idadi si jambo la kukadiria tu. Chukua kipande cha DNA ambacho hakihusiani na jinsia na kipo kwa nusu ya samaki. Uwezekano wa kipande hicho kuwepo kwa madume wote 10 na kukosekana kwa majike wote 10 kwa bahati tu ni moja kati ya 1,048,576. Huonekana ni uwezekano mdogo mno mpaka utakapokumbuka kwamba jenomu ya sato ina mamilioni ya sehemu zinazotofautiana kati ya samaki na samaki. Alama za uongo zitajitokeza. Kwa samaki 20 wa kila jinsia uwezekano huo hushuka chini ya moja kati ya trilioni moja, na tatizo la bahati kwa samaki wasio ndugu huisha.

Kutafuta tofauti ndani ya data

Kwa mpangilio wa XY, tafuta sehemu ambazo madume wana herufi mbili tofauti na majike wana herufi moja tu. Katika chupa zilizochanganywa, herufi ya Y itaonekana karibu nusu ya mara kwa madume na haitaonekana kabisa kwa majike. Rudia utafutaji huo huo kwa kugeuza jinsia, ili uone kama kuna dalili ya ZW. Usiache hatua hii hata kama una hakika kwamba samaki wako ni sato halisi. Programu za BWA (ya kupanga vipande kwenye jenomu) na PLINK (ya kupima ulinganifu na jinsia) zinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi, Stacks inafaa kwa data ya RAD, na RADSex iliundwa mahsusi kulinganisha vipande kati ya jinsia mbili.

Chora kromosomu zote kwa mfuatano na uangalie ni wapi ulinganifu na jinsia unapopanda. Alama ya kweli haisimami peke yake. Huzungukwa na nyingine nyingi zinazopungua nguvu kadiri unavyoondoka kwenye eneo hilo. Nukta moja iliyosimama juu peke yake, mbali na wenzake, mara nyingi ni kosa la kupanga vipande, hasa katika sehemu za jenomu zinazojirudia.

Sasa tahadhari ambayo ningeiweka kwa wino mzito. Jenomu rejea ya sato, yaani ile ya mfano ambayo vipande vyako hupangwa juu yake, ilisomwa kutoka kwa jike wa XX wa ukoo wa Stirling. Kwa hiyo kipande kilichoko kwenye Y peke yake hakimo ndani yake, na programu ya kupanga vipande itakitupa au itakibandika mahali pasipo pake. Ukitegemea jenomu rejea peke yake unaweza kumaliza uchambuzi wote na kuikosa alama bora kuliko zote. Fanya pia utafutaji usiotumia rejea: linganisha moja kwa moja vipande vilivyopo kwa madume wote na visivyopo kwa jike hata mmoja, kama RADSex inavyofanya, au hesabu maneno mafupi ya DNA katika makundi mawili na utoe yale ya madume tu.

Wingi wa usomaji nao hueleza mambo. Katika koo zinazotumia LG23, Y hubeba nakala mbili za jeni ya amh zilizofuatana, yaani amhy na nyingine iliyoharibika. Dume wa XY kwa hiyo ana nakala tatu, na jike wa XX ana mbili. Vipande vya nakala zote hujipanga juu ya amh moja ya rejea, na kwenye mchoro wa wingi wa usomaji utaona madume wamepanda mara moja na nusu ya majike katika eneo hilo dogo, kisha kushoto na kulia wanarudi kuwa sawa. Mwinuko huo ukiuona, umeshafika.

Kugeuza tofauti kuwa kipimo cha PCR

Kituo cha kutotolesha hakiwezi kusoma jenomu kila wiki. Kinahitaji PCR na jeli, na hapo aina ya tofauti uliyoipata ndiyo inayoamua. Mfano wa amh ni mzuri. Nakala iliyoharibika ina herufi tano zilizoongezeka kwenye eksoni (sehemu ya jeni inayobeba maelekezo ya protini) ya sita, na imepungukiwa herufi 233 kwenye eksoni ya saba. Upungufu wa herufi 233 huonekana kwa macho kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 2: jike ana mstari mmoja, dume ana miwili, mmoja ukiwa umeshuka chini zaidi. Ongezeko la herufi tano halitaonekana kwenye jeli hiyo, nalo hudai mashine ya kutenganisha vipande kwa kapilari au praima, yaani kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha unakili, iliyoundwa ishike herufi hizo tu. Ukiwa na chaguo, daima chukua tofauti kubwa ya urefu.

Kwa madume unaweza kuona mstari wa tatu hafifu juu ya ile miwili. Usiogope, na usiuhesabu: ni nyuzi mbili za urefu tofauti zilizoshikana wakati wa kupoa, na husafiri polepole kwenye jeli kwa sababu ya umbo lake.

Kama alama yako ni ya kuwepo na kutokuwepo, yaani dume ana mstari na jike hana, ni lazima ndani ya mchanganyiko uleule uongeze praima za jeni nyingine ambayo samaki wote wanayo. Bila hivyo, kila sampuli ambayo DNA yake imeharibika itasomwa kuwa jike. Katika kila jeli weka pia dume anayejulikana, jike anayejulikana, na maji matupu. Mstari ukitokea kwenye maji, jeli nzima irudiwe.

Uthibitishaji

Alama uliyoitafuta kwa familia tano itazikubali familia hizo tano; hilo halithibitishi chochote. Tafuta samaki wapya kabisa: familia nyingine za kituo chako, wazazi wa kituo kingine, na ukiweza, samaki wa ziwani. Kumbuka kwamba sato wa Ziwa Viktoria waliletwa miaka ya 1950 na si wenyeji wa ziwa hilo, ilhali wale wa Turkana na Albert wako kwao kwa asili, hivyo usitegemee watoe jibu moja. Ukoo wa GIFT, yaani sato walioboreshwa kwa uteuzi, ulioanza kukusanywa mwaka 1988 kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegali pamoja na koo zilizokuwa zikifugwa Asia, umechanganya asili nyingi, nao hudai uthibitishaji wa peke yake.

Anayesoma jeli asijue jinsia ya samaki. Mwenzake ampe vichupa vyenye namba tu, na majibu yalinganishwe baada ya kuandikwa. Kisha hesabu kwa kila familia, si kwa jumla peke yake, kwa sababu wastani wa asilimia 95 unaweza kuwa na maana ya familia tisa zilizolingana kikamilifu na moja ambayo alama haifanyi kazi hata kidogo. Ukipima samaki 100 wasio na undugu wa karibu na usione kosa hata moja, bado huwezi kudai kwamba kosa halipo. Kitakwimu, kiwango cha kosa kinaweza kufikia asilimia 3. Kwa samaki 300 mpaka huo hushuka hadi asilimia 1.

Samaki ambao mwili wao haukubaliani na alama wasifutwe kwenye jedwali. Dume asiye na alama ya Y mpandishe na jike wa kawaida: akizaa majike watupu au karibu wote, ni dume wa XX aliyegeuzwa na joto au sababu nyingine, na alama yako imesema kweli. Akizaa nusu kwa nusu, ana Y ambayo alama yako haiioni, na pengine ukoo wake unatumia kromosomu nyingine. Zile familia zilizowekwa kando kwa kuwa na madume wengi kupita kiasi zipimwe sasa kwa namna hiyo hiyo.

Kuitumia alama kupata madume wa YY

Matumizi yenye faida kubwa zaidi ni kuchagua madume wa YY. Vifaranga hulishwa homoni ya kike ili baadhi yao wawe majike wenye XY, na alama ndiyo inayowatoa kati ya majike wa kawaida. Jike wa XY akipandishwa na dume wa XY, watoto huwa robo XX, nusu XY na robo YY. Dume wa YY akipandishwa na jike wa XX hutoa watoto wa XY, na majaribio ya muda mrefu ya ukoo ulioanzia Chuo Kikuu cha Swansea yalitoa wastani wa madume zaidi ya asilimia 95, badala ya 100 ambayo nadharia ingetarajia, kwa kuwa joto na jeni nyingine ndogo ndogo bado zina nguvu.

Alama ya kuwepo kwa Y peke yake haitenganishi XY na YY. Unahitaji ya pili inayoonyesha kwamba X haipo, na katika eneo la amh jambo hili linadai uangalifu, kwa sababu Y yenyewe ina amhy inayofanana sana na amh ya X na itatoa mstari uleule kwenye eksoni ya saba. Tafuta tofauti iliyo kwenye sehemu ya mbele ya jeni, ambako amhy imepoteza zaidi ya herufi 5,000 zilizopo kwenye X, na uweke praima ndani ya kipande hicho kilichopotea. Kabla ya kuitegemea, hakikisha kwa vipande vyako ulivyosoma kwamba nakala iliyoharibika ya Y haitoi mstari kwa praima hizo. Dume atakayeonyesha alama ya Y na kukosa ya X apandishwe na majike wawili au watatu kabla ya kuingizwa kwenye kundi la wazazi, na watoto wasiopungua 50 wa kila jike wakaguliwe kwa aseto-kamini. Samaki waliolishwa homoni ya kike wasiuzwe wala kuliwa, maji yao yasiachiwe mtoni, na chakula chao kichanganywe na mtu aliyevaa glavu na barakoa.

Kila mara samaki wapya wazazi wanapoingia kituoni, pima familia mbili au tatu za kwanza kwa alama na kwa hadubini kwa pamoja, na majibu yaandikwe kwenye daftari lilelile la familia.